Ruzuku ya Mwaka Mmoja kwa Ndege wa Miaka Ishirini

Tai mwenye ushungi, yule mkubwa wa misituni anayewinda tumbili na paa, hulalia yai kwa karibu siku 50. Kinda hukaa kiotani siku nyingine 110 hivi. Akisharuka bado hajajitegemea: huku Afrika Mashariki wazazi huendelea kumlisha kwa miezi tisa, kumi, hata kumi na mmoja. Ukijumlisha na muda wa kukarabati kiota, uzazi mmoja unakaribia siku 500, na ndiyo maana jozi nyingi huzaa mara moja tu kila baada ya miaka miwili. Mtafiti aliyepewa ruzuku ya miezi 12 hawezi kuishuhudia jozi hata moja ikimaliza mzunguko wake. Akifika msituni mwezi ambao kinda amesharuka na anazurura jirani, ataandika kwenye ripoti kwamba kiota hakitumiki, na mfadhili ataamini.

Ruzuku ya miezi 12 ndiyo inayopatikana kwa wepesi katika fani hii. Mifuko kama Rufford Foundation ya Uingereza, African Bird Club, na Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund wa Abu Dhabi, ambao kiwango chake cha juu ni dola 25,000, imewavusha vijana wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda kutoka darasani hadi uwandani. Hakuna anayeijua kazi hii atakayeibeza. Lakini ninaamini kwamba uhifadhi wa ndege wawindaji wa Afrika Mashariki unaumizwa na umbo la fedha zaidi ya kiasi chake. Dola 100,000 zilizotandazwa miaka kumi zingetufundisha mengi kuliko dola hizo hizo zilizomalizwa ndani ya miezi 18. Hata hivyo tunaendelea kuomba, na kupewa, fedha za aina ya pili.

Tazama takwimu tunazozitegemea leo. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi wa spishi 42 za ndege wawindaji wa savana za Afrika, ukitumia hesabu za barabarani kutoka Afrika Magharibi, Cameroon, Kenya na Botswana. Asilimia 88 ya spishi hizo zilikuwa zimepungua katika kipindi cha kati ya miaka 20 na 40. Mnamo 2011 watafiti walionyesha kwamba tumbusi wa Masai Mara walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 60 wakilinganishwa na hesabu zilizoanza miaka ya 1970. Mwaka 2015 tumbusi mgongo mweupe, tumbusi wa Rüppell, tumbusi kichwa cheupe na tumbusi mwenye kofia wakapandishwa kwa mkupuo hadi daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hatua moja tu kabla ya kuisha porini. Matokeo yote haya yametokana na mtu aliyeendesha gari taratibu katika barabara fulani, akahesabu, akaandika, akahifadhi karatasi zake vizuri. Kisha miongo kadhaa baadaye mwingine akapita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Aliyehesabu mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kusisimua cha kumwandikia mfadhili. Alikuwa na orodha ya ndege tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua spishi inayopungua kwa asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka miwili imepoteza chini ya asilimia 10, na hakuna sensa ya tumbusi inayoweza kuiona tofauti hiyo, kwa sababu tumbusi hujikusanya. Siku moja unakwenda kilomita 150 huoni hata mmoja. Kesho yake unakuta 70 juu ya mzoga mmoja wa nyumbu. Baada ya miaka kumi spishi ile ile imepoteza asilimia 40, na hapo hata sensa yenye makosa madogo madogo itaona. Mradi wa miaka miwili utatoa moja ya majibu mawili: "hakuna mabadiliko yaliyothibitika", ambalo wanasiasa hulichukua kuwa habari njema, au mabadiliko makubwa yanayotokana na bahati ya mzoga mmoja. Yote mawili yanapotosha.

Sensa ya barabarani huonekana kazi nyepesi, na ndipo wengi wanapoharibu. Gari liende kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Dereva asihesabiwe kuwa mtazamaji. Wawepo watazamaji wawili, kila mmoja na upande wake, na mmoja wao ndiye anayeandika. Anza saa tatu asubuhi au baadaye kidogo, ardhi ikishapata joto na hewa ikaanza kupanda, kwa maana kabla ya hapo tumbusi wengi wametulia mitini na hutawaona. Mvua ikianza, simama. Ikiendelea, futa siku hiyo. Andika idadi ya ndege na pia idadi ya makundi, ili baadaye mchambuzi aweze kutenganisha ndege 70 wa mzoga mmoja na ndege 70 waliosambaa njia nzima. Rudi mwezi ule ule kila mwaka. Masai Mara ya Agosti imejaa nyumbu waliovuka kutoka Serengeti, na tumbusi wanawafuata. Ukiilinganisha na Mara ya Machi unalinganisha sehemu mbili tofauti. Vivyo hivyo kati ya Oktoba na Aprili tuna wageni kutoka Ulaya na Asia, akiwemo tai wa nyika za Asia, anayefanana mno na tai kahawia wetu mkazi.

Hapa kwenye kufanana ndipo suala la mishahara linapoingia. Njia ya uhakika ya kumtofautisha tai wa nyika na tai kahawia akiwa ametua ni kutazama pembe ya mdomo, ile nyama ya njano: kwa tai wa nyika inafika hadi ukingo wa nyuma wa jicho, kwa tai kahawia inaishia chini ya katikati ya jicho. Akiwa angani itakubidi usome umbo la bawa, rangi ya manyoya ya chini na umri wake, kwa sekunde tano, juani. Jicho la namna hiyo hujengwa kwa misimu mingi. Mifuko midogo mingi haipendi kulipa mishahara. Inaruhusu posho, mafuta, vifaa. Basi msaidizi anachukuliwa kwa posho ya siku ishirini, anafundishwa, anakuwa hodari, ruzuku inakwisha, na msimu unaofuata ameajiriwa na kampuni ya utalii inayomlipa kila mwezi. Mradi mpya unaanza na kijana mpya. Matokeo yakionyesha tai wa nyika wameongezeka na tai kahawia wamepungua, utajuaje kama waliobadilika ni ndege au watazamaji?

Wafadhili wengi hupenda kununua vifaa, na watafiti tumejifunza kuandika wanachopenda. Kifaa cha GPS cha kufungwa mgongoni, chenye paneli ndogo ya jua na kinachotuma taarifa kupitia mtandao wa simu, hugharimu kwa kawaida kati ya dola 1,000 na 2,000, bila ada ya data. Kina faida kubwa, na hakuna njia nyingine ingetuonyesha kwamba tumbusi wa Mara huvuka mpaka wakaenda Tanzania na kurudi kana kwamba mpaka haupo. Ila kila hatua ya kukitumia ina gharama isiyoandikwa kwenye bei ya kiwandani.

Kwanza ni forodha. Kifaa kina betri ya lithiamu na kinatoa mawimbi ya redio, kwa hiyo kinahitaji barua ya msamaha wa kodi na kibali cha mamlaka ya mawasiliano. Barua hizo zikifuatiliwa baada ya mzigo kutua uwanja wa ndege, kila siku ya kuhifadhi inalipiwa na msimu wa kukamata ndege unapita. Zianze miezi mitatu hadi minne kabla ya kuagiza.

Kisha ni kumkamata ndege. Njia iliyozoeleka ni vitanzi vya uzi wa nailoni vilivyofungwa kwenye kamba au wavu wa chuma na kuzungushiwa mzoga wa mbuzi au kondoo, na watu wamejificha garini wakingoja. Ndege akinaswa ana dakika chache kabla joto halijawa hatari. Afunikwe kichwa, apelekwe kivulini, miguu imwagiwe maji. Mara nyingi hutapika nyama aliyokula, na mshikaji asiyejua atakiacha kichwa kimeinama vibaya ndege apaliwe. Kuhusu uzito, kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo wote, mikanda ikiwemo, usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa tumbusi mgongo mweupe wa kilo tano na nusu hiyo ni gramu 165, kwa hiyo hakuna shida. Kwa kozi mdogo wa gramu 150 ni gramu 4.5, na hapo vifaa vingi vya bei nafuu vinatoka mezani.

Kosa linalowaumiza tumbusi ni mikanda. Mikanda ya tefloni hufungwa ndege akiwa na njaa, kwa sababu ndiyo hali aliyokamatwa nayo. Siku akishiba, gole lake linaweza kubeba kilo nzima ya nyama, na mkanda uliokuwa sawasawa unageuka kitanzi. Ukilegeza kupita kiasi, bawa linapenya ndani ya mkanda na ndege haruki tena. Ni kazi inayojifunzwa kwa kushika ndege chini ya fundi mzoefu, siyo kwa kusoma kijitabu kilichokuja na kifaa. Ni vizuri pia tukumbuke zile bango za plastiki za kutoboa ngozi ya bawa, ambazo zilionekana rahisi kwa sababu namba yake inasomeka kwa mbali. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini kwa tumbusi wa Cape na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliovishwa bango za bawani waliruka polepole zaidi na katika eneo dogo zaidi kuliko waliovishwa pete za miguuni. Utafiti uliokuwa unamsaidia ndege ulikuwa unampunguzia uwezo wa kutafuta chakula.

Na baada ya yote, kifaa kinanyamaza. Labda ndege yuko Hifadhi ya Katavi au ndani kabisa ya Hifadhi ya Nyerere ambako hakuna mtandao, naye atarudi baada ya siku tisa na kumwaga taarifa zote kwa pamoja. Labda manyoya yamefunika paneli. Labda amekufa. Dalili za kifo zinajulikana: alama ya GPS haisogei saa za mchana, kipima mwendo kinasoma sifuri, joto la kifaa linafuata joto la hewa. Mtu anapaswa kwenda pale ndani ya saa 24. Katika bajeti nyingi hakuna fedha ya safari hiyo. Kuna fedha ya kumfunga ndege kifaa, hakuna ya kujua kilichomuua.

Linganisha basi bajeti mbili za dola 10,000. Ni makadirio, na kila eneo lina bei zake, lakini uwiano hautabadilika sana. Ya kwanza inanunua vifaa vinne kwa dola 6,400, data ya mwaka kwa takriban 700, usafirishaji na forodha 500, na kambi ya siku kumi ya kukamata ndege 2,000. Imekwisha. Kinachobaki ni dola 400 na ndege wanne wanaong'aa kwenye ramani. Ya pili inalipia duru mbili za sensa, kiangazi na masika, siku kumi kila duru. Kilomita 1,500 za sensa na 600 za kwenda na kurudi ni kilomita 2,100. Kwa gari la lita 14 kwa kilomita 100 ni karibu lita 300 kwa duru, lita 600 kwa mwaka, tuseme dola 660. Matengenezo ya gari kwa siku 20 ni 1,200. Dereva na watazamaji wawili kwa dola 35 kwa siku ni 2,100. Ada za hifadhi na kambi, 600. Zinabaki takriban dola 5,400, zinazotosha kuwalipa waangalizi wanane wa vijijini dola 40 kila mwezi mwaka mzima, kuwawekea vocha ya simu ya dola 5 kwa mwezi kila mmoja, na kuacha karibu 1,000 kwa ajili ya mafuta ya dharura na sampuli za maabara. Ya kwanza inaleta picha nzuri ya mwaka mmoja. Ya pili, ikirudiwa, inaleta mwelekeo wa muongo pamoja na watu wanane wanaopiga simu mzoga wenye sumu ukionekana.

Sumu ndiyo kiini cha jambo hili lote. Uchambuzi wa bara zima uliochapishwa mwaka 2016 ulipanga vifo vya tumbusi vilivyoripotiwa na kukuta asilimia 61 vimetokana na sumu na 29 na biashara ya viungo vyao. Katika nyika zetu sumu nyingi hailengwi kwa tumbusi. Simba au fisi ameingia zizini usiku, ameua ng'ombe watatu. Mfugaji ananunua kiuatilifu cha mashambani, mara nyingi carbofuran, ananyunyiza chembe zake kwenye mzoga uliobaki, na asubuhi tumbusi wanafika kabla ya fisi kurudi. Majangili wa tembo wao huwalenga kwa makusudi, kwa kuwa tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari ulipo mzoga. Mwezi Juni 2019 nchini Botswana mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Mwaka uliofuata Guinea-Bissau ilipoteza zaidi ya tumbusi wenye kofia 2,000. Spishi inayotaga yai moja kwa mwaka na kuanza kuzaa ikiwa na miaka mitano au zaidi hairudishi hasara kama hiyo ndani ya maisha ya mradi wowote.

Mwangalizi akipiga simu, kazi inapimwa kwa saa. Anayefika kwanza avae glovu nzito na barakoa, awaondoe watu, mbwa na mifugo. Apige picha zenye alama ya GPS kabla ya kugusa chochote. Ahesabu kwa spishi, na atazame vichakani hadi mita mia kadhaa, kwani ndege wenye sumu hujikokota kutafuta kivuli; walio hai wapelekwe kwa daktari wa mifugo mwenye atropini, dawa ya kuzuia sumu hiyo. Sampuli zichukuliwe kutoka kwenye gole, ini, chambo chenyewe na udongo wa chini yake, kila moja kwenye chombo chake chenye tarehe, mahali na jina la aliyechukua, ziwekwe kwenye barafu na zikabidhiwe kwa maandishi kutoka mkono hadi mkono. Hapo ndipo kesi nyingi hufa: sampuli imeoza kwenye buti la gari, au hakuna anayejua ilikuwa kwa nani Jumamosi na Jumapili, na hakimu hawezi kuitumia hata kama Mkemia Mkuu wa Serikali ameikuta na sumu. Mwisho mizoga yote ichomwe iwe majivu. Mzoga wa ng'ombe hauungui kwa njiti za vichaka. Unahitaji kuni nzito na lita nyingi za dizeli, na dizeli hiyo lazima iwe imenunuliwa kabla ya siku ya tukio. Mzoga ukibaki, tumbusi wa kesho wanakufa, na kila kinachowala wao kinakufa pia.

Mfadhili anayeuliza "utafiti uko wapi hapo?" anapaswa kuelezwa kwamba huu ndio utafiti. Mwaka wenye matukio kumi yaliyorekodiwa vizuri unaonyesha vijiji gani vina tatizo la fisi, miezi gani, dukani kwa nani sumu inapatikana, na zizi la aina gani limevunjwa. Kutokana na hapo unaweza kuamua kuimarisha mazizi 40 pale ambapo yatapunguza vifo, badala ya kuyagawa kwa usawa wa kisiasa katika kata zote.

Hasara ya kutokujua iliwahi kupimwa, na ni kubwa. India ilipoteza zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wake wakuu kuanzia miaka ya 1990. Anguko hilo lilionekana mapema kwa sababu Vibhu Prakash alikuwa amehesabu ndege wa Hifadhi ya Keoladeo miaka ya 1980, kabla hakujawa na sababu yoyote ya hofu. Chanzo, dawa ya maumivu ya ng'ombe iitwayo diclofenac, kilitambuliwa na kuchapishwa mwaka 2004 baada ya kikosi cha Lindsay Oaks na The Peregrine Fund kukusanya mizoga ya tumbusi nchini Pakistan na kuichunguza figo. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo. Mwaka 2024 wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kuliambatana na vifo vya ziada vya binadamu zaidi ya 100,000 kwa mwaka kati ya 2000 na 2005, kupitia maji machafu, mizoga iliyooza na mbwa wenye kichaa. Ukiweka gharama ya sensa ya miaka ya 1980 kando ya namba hiyo, hakuna uwekezaji wa uhifadhi uliokuwa wa bei rahisi zaidi.

Fedha ndefu zitoke wapi? Nchi za Ghuba ya Uarabuni ni sehemu mojawapo, nazo zina sababu za kweli. Makubaliano ya Raptors, yaani ya ndege wawindaji, yaliyo chini ya Mkataba wa Spishi Zinazohama, yalisainiwa Abu Dhabi mwaka 2008 na ofisi yake ya uratibu iliwekwa huko huko. Watu wa Ghuba huwinda kwa kozi aliyefugwa, wanamjua kwa mkono, na wengi wa tai wa nyika wanaotua Kenya na Tanzania wakati wa kiangazi chetu wamepita Rasi ya Arabuni. Oman nayo bado ina tumbusi wa Misri wengi, hadi kwenye majalala ya Muscat. Hizi ni nchi zinazoweza kufadhili sensa ya miaka kumi ya ndege wanaowahusu wao na sisi, endapo tutawaomba hivyo badala ya kuwapelekea andiko la vifaa vitano.

Sehemu ya pili ni umeme. Shamba la upepo la Kipeto, Kajiado, lenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, lilijengwa katika anga ya tumbusi wa Rüppell na mgongo mweupe. Masharti ya wakopeshaji yaliilazimu kampuni kuweka watazamaji wanaoagiza mtambo usimamishwe ndege akikaribia, kuondoa mizoga chini ya mitambo isivute tumbusi, na kugharamia uhifadhi nje ya eneo lake. Fedha ya namna hii inafuata maisha ya mtambo, yaani miaka ishirini na zaidi. Ni umbo lile lile tunalolihitaji. Udhaifu wake uko wazi: anayelipa ndiye anayechunguzwa. Takwimu za vifo zisikae kwenye kompyuta ya kampuni peke yake. Leseni iseme zinawekwa wazi kila mwaka. Na nyaya za umeme wa vijijini, zinazoua tai kimya kimya kwa shoti kwenye nguzo zenye vyuma vya kukingama na nyaya zilizokaribiana, hazina sharti lolote la aina hiyo katika sehemu nyingi.

Sehemu ya tatu ni sisi wenyewe, na hapa ninasema bila kuzungusha. Tangu Julai 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 200 kwa siku kuingia Masai Mara katika miezi ya msimu. Siku hamsini za wageni, idadi ambayo kambi moja ya kati huifikia chini ya juma, zingelipia bajeti ile ya pili ya mwaka mzima. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 imeutaja mfuko wa akiba wa wanyamapori. Tanzania ina Mfuko wa Hifadhi ya Wanyamapori. Tumbusi husafisha mizoga ya nyumbu wanaokufa mtoni na mbugani kila mwaka bila kumlipisha mtu, lakini hawajawa na fungu lao, kwa sababu hakuna mtalii anayeuliza kwa nini wako wachache. Serikali ikiweka gharama ya sensa na ya mwitikio wa sumu katika bajeti ya kawaida, ruzuku za nje zitafanya kile zinachokiweza vizuri: maswali mapya, mafunzo, vifaa. Ahadi za Marekani kwa uhifadhi wa nje zilipositishwa mapema mwaka 2025, tuliona kazi ya msingi iliyoegemezwa kwa mfadhili mmoja inavyoweza kusimama katikati ya msimu.

Kwa anayeandika andiko sasa hivi, fedha ikiwa ni ya mwaka mmoja tu, andika mwaka huo kama kipande cha mfululizo. Tumia njia za sensa ambazo tayari zimeshahesabiwa na mtu mwingine, hata kama zako mpya zingependeza zaidi. Weka mstari wa "safari za uthibitisho" wa angalau asilimia 10 na ueleze kwamba usipotumika utanunua mafuta ya duru ijayo. Omba ruhusa ya kulipa wahesabuji kwa mwezi, kwa mkataba, na utaje sababu ya tai wa nyika na tai kahawia. Mfadhili makini ataielewa. Anza na vibali: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) kwa Tanzania, NACOSTI (tume ya sayansi) pamoja na taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha kwa Kenya, na kama utachukua damu au manyoya kuyapeleka nje, vibali vya rasilimali za kijenetiki juu yake. Andika tarehe ya kuanza uwandani baada ya vibali, siyo baada ya fedha kuingia benki. Kadiria bajeti kwa shilingi kisha igeuze dola, ukiacha nafasi ya kiwango kubadilika, maana mafuta yatanunuliwa kwa shilingi. Na karatasi ghafi za sensa, zikiwa na siku zenye sifuri, zipelekwe kwenye jumba la makumbusho au taasisi ya taifa, na matukio ya sumu yaingizwe kwenye kanzidata ya Afrika ya sumu za wanyamapori, kabla ya ripoti ya mwisho kutumwa. Mpango wa kimataifa wa kuwanusuru tumbusi wa Afrika na Eurasia, uliopitishwa Manila mwaka 2017, unafika mwisho mwaka 2029, na zitakazotumika kuutathmini ni karatasi hizo.